Nani Kaniambia Ninunue Ndege?

Ukitaka kudharauliwa na watu wa rika zote kwa mpigo, jirani, sema unataka kununua ndege ya rimoti. Wakubwa watakuona umerudia utoto. Watoto watakuona umechelewa. Na wale wanaozijua kweli ndege hizo, hao ndio balaa lenyewe, watakuambia huwezi kununua unayoitaka. Lazima uanze na ya wanafunzi. Pesa yako, jasho lako, halafu mtu mwingine anakuchagulia.

Mimi ya kwangu nilikuwa nimeshaichagua. Spitfire. Ile ya Waingereza ya vita kuu ya pili, pua ndefu, mabawa yamechongwa vizuri, rangi ya kijani na udongo. Nilishajiona kabisa. Nimesimama kiwanjani, miwani ya jua usoni, rimoti imening'inia kifuani, vitoto vya mtaa vinapiga kelele, na yule jamaa wa Noah nyeusi anachungulia dirishani roho inamuuma. Nikamwonyesha picha mpwa wangu. Huyu yuko kidato cha tatu na anajua kila kitu, ni maradhi anayo tangu mdogo. Akaitazama picha. Akanitazama mimi, kuanzia ndala mpaka upara.

"Anko, wewe hii itakaa hewani sekunde nne."

Sekunde nne! Na ada yake ya muhula uliopita nani kalipa?

Akaanza kunifundisha pale pale kwa Mangi, watu wanasikia, Mangi mwenyewe kaacha kupima sukari. Spitfire bawa lake liko chini ya tumbo. Ina haraka. Ukiilaza upande inabaki imelala vile vile mpaka uiinue wewe kwa mkono wako. Ukipunguza mwendo ukapitiliza, bawa moja linaishiwa hewa ya kulibeba, ndege inajipindua, inachomeka ardhini kwa pua. Nikamwambia mimi nimeendesha gari kutoka Dar mpaka Singida bila kugusa hata kuku. Akasema, "Gari haina juu na chini, Anko." Mangi akacheka. Mangi ananidai, siwezi kumjibu.

Sasa hiyo ya wanafunzi ndiyo uione. Bawa wameliweka juu ya mgongo. Nene, chini tambarare, ncha zote mbili zimeinuka kidogo kwenda juu. Mwili mzima ni povu, lile la kwenye katoni za TV, ila hili gumu kidogo na linanepa kabla ya kuvunjika. Ubao wa kupigia pasi uliofungwa propela, basi, huna cha kuongeza. Mpwa anasema ubaya huo ndio dawa. Ncha zikiwa zimeinuka, ndege ikilala upande inajirudisha yenyewe ukiachia vijiti. Na bawa nene linaibeba hata ikienda polepole, na polepole ndiyo unapata muda wa kufikiri.

Hapo akanitazama tena. "Wewe utahitaji muda."

Nikakataa. Mtu mzima, baba wa familia, anaonekanaje na kitu hicho? Akaniuliza kama nimewahi kupanda vile vindege vya kwenda Mafia. Nimepanda, nilikwenda msibani. Cessna Caravan, injini moja, abiria kumi na kitu, na kabla ya kupanda unapimwa uzito wewe na begi lako mbele za watu. Mimi nilipopanda mzani yule karani alisoma, akapangusa kioo, akasoma tena. "Bawa lilikuwa wapi?" Nikakumbuka. Juu ya dirisha. Ndiyo maana niliiona bahari yote chini, na ndiyo maana nilisali njia nzima. Mpwa akasema hata marubani wa kweli wengi wameanzia kwenye Cessna ya bawa juu, ile 172, na dunia nzima hakuna ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuishinda, zaidi ya 44,000 tangu 1956. Nikanyamaza. Mtoto akikurushia takwimu mbele ya Mangi unamfanya nini?

Nikahamia kwenye bei. Nikaona kuna kadogo, bawa halifiki nusu mita, bei ya kibinadamu. Kumbe kadogo ndiko kabaya. Kaupepo kakipita kanapeperuka nako, na kakienda mbali hatua chache hujui kinachokutazama ni pua au mkia. Ya kuanzia, mpwa anasema, iwe na bawa la mita 1.2 mpaka 1.5 kutoka ncha hadi ncha. Yaani unapokuwa mjinga ndiyo unauziwa kikubwa. Wakishaona umejua ndiyo wanakupunguzia.

Kuna aina nyingine propela iko nyuma ya bawa, mgongoni. Wajerumani wa Multiplex wanayo, wanaiita EasyStar, imefundisha watu kila pembe ya dunia. Faida yake, ukiiangusha kwa pua, na utaiangusha kwa pua, propela na mota haviguswi. Nikasema ndege yenye feni mgongoni mimi hapana, bora nibaki na redio yangu. Hapo nilishinda. Sikushinda tena.

Nikaagiza ile ya bawa mgongoni. Mzigo ukaja. Ofisi ya kuchukulia siitaji, nina mpango wa kurudi. Dada wa dirishani akasoma karatasi kwa sauti, na foleni nyuma yangu ilikuwa imefika mlangoni. "Ndege ya kuchezea. Umri, miaka 14 na kuendelea." Akanyanyua macho. "Ya mtoto?" Nikasema ya mtoto. Sauti ikanitoka nyembamba. Baba mmoja nyuma yangu akakohoa kile kikohozi cha mtu asiyeumwa.

Katoni ndefu, mita na ushee. Bodaboda wakaikataa. Nikapanda nayo daladala. Konda akasema hiyo inalipa nauli. Nikamweleza ni nyepesi, kilo moja tu, inua uone. Akasema hatozi uzito, anatoza nafasi, na kama ningekuwa natozwa uzito mimi ndiye ningelipa mbili. Gari zima likaamka. Nikalipa. Mama mmoja aliyekaa karibu akaniuliza ni fremu ya kitanda? Nikamwambia ni ndege. Akamvuta mwanawe taratibu, akahamia siti ya nyuma.

Nyumbani tukaiweka juu ya meza ya chakula. Mama Watoto akauliza tutakula wapi. Hakuna aliyemjibu, na nadhani hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Sasa ikabaki nguvu. Ndege ilikuja na mota yake ya umeme, imeshafungwa kwenye pua, ila betri haikuwemo. Na kwenye kijiwe cha kahawa yupo mzee mmoja anayesema zamani alikuwa akiziona hizi zikirushwa na Wazungu, na zilikuwa na injini, zinalia, zinatoa moshi. Ndege isiyotoa moshi, anasema, ni tiara. Akaniingiza. Injini ndogo tu, ya mipigo miwili, ile ya kawaida ya wanafunzi wanaiita ya 40, maana ujazo wake ni inchi 0.40 za ujazo, kama cc 6.5. Pikipiki ya Mangi ni cc 150, kwa hiyo mafuta nusu lita nitarusha mpaka Pasaka. Mimi huyo, sheli, na chupa ya maji. Kijana wa pampu akasema haruhusiwi kujaza chupa. Nikamweleza si ya kuuza, ni ya ndege. Akamwita mwenzake aje asikie. Mwenzake akaniomba nirudie.

Mpwa alipopata habari alikaa chini kabisa. Injini zile hazinywi petroli. Zinakunywa methanoli iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha na nitromethani, mara nyingi asilimia 5 mpaka 15. Hazina hata plagi ya cheche. Zina plagi yenye kiwaya cha platini, unakipasha moto kwa betri ya volti moja na nusu, injini ikiwaka unaondoa betri, na methanoli yenyewe inakiweka kiwaya chekundu. Halafu mafuta yote yasiyoungua yanarudi kumwagika juu ya bawa, kila ukirusha unakwenda na ndoo na sabuni. Na methanoli ni sumu, usije ukaiweka karibu na chupa za juisi. Nikamwuliza Mangi kama anayo. Akauliza, ya unga au ya maji?

Basi umeme. Kumbe nao si wa jana. Kuna Kanali mmoja wa Kiingereza, Taplin, alirusha ndege ya rimoti kwa mota ya umeme mwaka 1957, na betri zake zilikuwa za fedha na zinki. Za fedha! Mimi nikafungua droo, nikakuta za tochi.

Nikaziunga nane kwa gundi ya karatasi, jumla volti 12. Ndege inataka 11.1. Nikasema zinabaki hata za chenji. Nikachomeka. Mota ikalia vilio vyake, pi, pi, propela ikashtuka, ikazunguka robo, ikanyamaza. Nikazibadilisha. Ikashtuka tena, ikanyamaza. Nikaenda Kariakoo kwa fundi wa simu anayejua habari hizi nikamweleza ndege ni mbovu. Yeye akachukua kalamu, na jirani, mtu akichukua kalamu mbele yangu mimi huwa najua nimekwisha.

Akaanza. Ndege kilo moja. Ya wanafunzi inataka wati 110 mpaka 150 kwa kila kilo, tuseme 150. Zile za kupiga sarakasi zinataka 200 na zaidi, achana nazo. Mia hamsini gawa kwa volti 11.1, unapata ampia 13 na nusu. Betri ya tochi haina ubavu wa kutoa ampia hizo, ukiikamua volti zinaporomoka. "Volti unazo, mzee. Msukumo huna." Aliyasema hayo mteja mwingine yupo, dada mzuri, anabadilisha kioo.

Akaendelea. Kile kiboksi kinachogawia mota umeme, wenyewe wanakiita ESC, kiwe cha ampia 30 ingawa unatumia 13, ili kisichemke. Mota imeandikwa 1000 kv, maana yake kila volti moja inaizungusha mara 1,000 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Kwa betri ya volti 11.1 ni kama mizunguko 11,000. Propela inchi 10 kwa 5, kumi upana wa duara lake, tano ni hatua ambayo ingepiga kwa kila mzunguko kama hewa ingekuwa haitelezi. Betri ni lithiamu polima, seli tatu, miliampia-saa 2200. Ikiandikwa 25C unazidisha 25 kwa 2.2, inaweza kumwaga ampia 55, inatosha na kubaki. Mimi nikawa natikisa kichwa kama nimeelewa. Nikauliza swali moja tu la maana, itaruka muda gani? Akasema ukikanyaga moto mpaka mwisho, dakika kumi haifiki. Ukienda kistaarabu, ukabakiza asilimia 20 bila kuigusa maana ukiimaliza yote inakufa, labda dakika 12.

Dakika 12! Pesa yote ile ilikuwa ya mabati!

Na betri yenyewe haiji. Hapa naomba unisikilize vizuri maana ndipo nilipochoka kabisa. Betri ya ndege haipandi ndege. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zilizofungashwa peke yake haziruhusiwi kusafirishwa kama mizigo kwenye ndege za abiria, zinaogopwa kushika moto. Yaani kitu kimetengenezwa makusudi kiruke, na chenyewe kinaambiwa kisubiri meli. Muuzaji akaniandikia nisubiri. Ndege iko mezani, familia inakula mikekani, nami nasubiri meli.

Sikuweza. Nikamfuata kijana wa bodaboda wa pale kona. Betri ya pikipiki ni volti 12, na msukumo inao, inawasha pikipiki asubuhi. Akanikodishia. Akataka na kuja kuangalia, betri yake isije ikaruka ikapotelea Kisarawe. Tukaifunga kwa mpira wa manati chini ya tumbo la ndege, pale uwanja wa shule. Betri ile karibu kilo mbili. Ndege kilo moja. Mpwa alikuwa shuleni, na nilifurahi.

Nikachomeka. Pi, pi, pi. Nikasukuma kijiti. Propela ikalia kweli kweli, vumbi likatimka, na ndege ikaanza kurudi nyuma. Narudia, ilirudi nyuma. Ikamfuata kijana wa bodaboda miguuni, naye akaruka kando akilitaja jina la mama yangu. Nikarudisha kijiti chini. Nikamwambia pengine imeona watu. Kumbe mota hizi zina nyaya tatu, na ukizichomeka ovyo inazunguka kinyume. Dawa ni kupishanisha nyaya mbili, zozote mbili. Hilo nilielezwa na mtoto wa darasa la sita aliyekuwa amekaa juu ya ukuta anakula embe. Nikabadilisha. Ikaenda mbele, ila kwa uvivu wa kutia huruma. Yule wa embe akasema, "Na propela umeigeuza. Maandishi yatazame mbele." Nikaigeuza. Sasa ikavuta. Ikavuta betri ya bodaboda mpaka goli la pili, imekaa chini, inaburuza tumbo, majani yanaruka, watoto wanaikimbilia pembeni wanaisukuma. Haikuinuka hata unene wa kiberiti. Kijana wa bodaboda akanidai ya kukodi na ya suruali.

Betri halisi ililetwa na shemeji kutoka Dubai. Mkononi inaruhusiwa, mradi isizidi wati-saa 100, na hii ni 24 na kitu. Nilimwelekeza azibe ncha za nyaya kwa tepu, aiweke kwenye mkoba wa mkononi, asithubutu kuiingiza kwenye sanduku. Ukaguzi wakamtoa pembeni. Wakamuuliza ni nini. Akasema hajui, ya shemeji yake. Jibu hilo, jirani, usilitoe uwanja wowote wa ndege. Alifika salama lakini mpaka leo salamu zake kwangu zinapitia kwa dada yake.

Mama Watoto naye alipoisikia habari ya moto akawa na masharti. Kuchaji si chumbani. Si sebuleni. Ikachajiwe uani, juu ya kigae, ndani ya chungu, na ndoo ya mchanga pembeni, na mimi nimekaa hapo hapo kwenye kigoda siondoki. Kumbe mpwa anasema ndivyo inavyotakiwa. Betri hizi haziachwi peke yake. Chaja yake ni maalumu, inapima kila seli kivyake. Seli ikijaa ni volti 4.2, ikishuka chini ya 3 ndiyo msiba, ukiihifadhi iache kwenye 3.8. Ya miliampia-saa 2200 unaipa ampia 2.2, saa moja hivi imejaa. Ikivimba, usiichaji tena. Basi saa nzima nimekaa na chungu. Wapangaji wanapita. "Baba, unapika nini?" Halafu umeme ukakatika, nikaendelea kukaa, maana sikuwa na uhakika kama hatari nayo imekatika.

Na LUKU ilipoisha kabla ya wakati, nani alaumiwe? Nilipiga hesabu nikamwandikia Mama Watoto. Uniti moja ni wati-saa 1,000. Betri inakula 24. Hata ukiongeza na za kupotea njiani, uniti moja inachaji zaidi ya mara thelathini. Friji ndilo linalokula. Akasoma, akasema friji linatupa maji baridi, ndege inatupa nini?

Kabla ya kurusha, mpwa alinitaka nikae kwenye simu na programu ya kuigiza urushaji, niangushe za bure kwanza. Ni kweli inasaidia. Niliziangusha nyingi mno, vizuri sana, nikazoea. Akanieleza pia TCAA, wale wa mamlaka ya usafiri wa anga, wana kanuni za vyombo vinavyoruka bila rubani tangu 2018, kibali chao si cha kuruka juujuu, na kama unakaa Kipawa au Kiwalani pembeni ya uwanja wa kimataifa, wewe nunua kuku. Akashughulikia karatasi yeye, mimi nikasaini alipoonyesha kidole.

Tukaenda Kigamboni ndani ndani, uwanja mpana, alfajiri. Alfajiri kwa sababu Kusi lilikuwa limeanza na likishaamka saa tatu halikupi nafasi. Mpwa akaiweka ndege juu ya vidole viwili, kimoja kila upande, robo mpaka theluthi ya upana wa bawa kutoka mbele. Ikasimama sawa. Akasogeza betri mbele kidogo, pua ikainama nywele moja. Hivyo ndivyo. Mkia ukiwa mzito hujui utaokota wapi. Mimi nikaomba nijaribu, ikaniangukia mguuni.

Akairusha dhidi ya upepo, ikapanda, ikakaa huko juu imetulia. Akanipa rimoti. Nashukuru Mungu niliishika. Kijiti cha kushoto moto, cha kulia kupanda na kushuka. Ikienda mbali, kushoto ni kushoto. Ikigeuka ikarudi kwangu, kushoto ni kulia! Nani alipanga hivyo? Mpwa anapiga kelele, "Inua upande ulioinama, Anko! Kijiti kifuate bawa lililoshuka!" Mimi nafuata kiwiliwili kizima, nimepinda kuelekea Mbutu. Kunguru nao wakaiona. Wale weusi wenye shingo ya kijivu, waliletwa Unguja kutoka India karne ya kumi na tisa kuja kula taka, wameshiba sasa wanatafuta michezo. Wakaizunguka wakiipigia makelele. Nikaogopa, nikashusha moto wote, nikaachia vijiti vyote viwili, nikajifunika uso.

Na ile ndege, bila mimi, ikajinyoosha. Mota imezima, bawa limekaa sawa, ikateremka polepole yenyewe ikajilaza kwenye majani. Watu wawili waliokuwa wakipita na madumu wakapiga makofi. Mpwa akasema, "Umeona? Ukiiacha ndiyo inaruka vizuri."

Mama Watoto hakuwepo ila aliyapata yote. Akaweka sheria. Ndege nyingine haiingii nyumba hii mpaka hii ife. Nikakubali haraka, nikaficha furaha, maana Spitfire ipo sokoni na mimi najijua, wiki haiishi.

Jirani, haifi. Bawa limeshikwa kwa raba tu, ndivyo walivyolitengeneza. Ukigonga, raba zinaruka, bawa linachomoka, hakuna kilichovunjika. Nimeipiga mwarobaini, mpwa kaiunga kwa vijiti vya mishikaki na gundi ya moto, kesho yake iko hewani. Pua ikibonyea, anaimwagia maji ya moto ya chai, povu linavimba linarudi mahali pake. Maji yangu ya chai! Niliangusha kwa bahati mbaya, haikufa. Nikaanza kuangusha kwa makusudi, nayo ikagoma, nikiachia tu inajinyoosha.

Jana binti wa Mangi, yuko darasa la nne, kaomba ajaribu. Nikampa kwa moyo mkunjufu. Nikamwambia asiogope, moto mpaka mwisho, aelekeze kwenye ukuta wa shule pale penye tofali. Akazunguka nayo uwanja, akapita juu ya ukuta, akarudi, akaitua kwenye mstari wa goli. Akanirudishia rimoti.

"Baba Mkubwa, huna nyingine yenye spidi? Hii inajirusha yenyewe."

Nikamwambia aende akamwulize Mama Watoto.